Kumbukumbu ya Kukodi

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kimekuwa mwenyeji wa sebule zetu za pwani, Bagamoyo ikiwemo. Kile chenye diski ya kurekodi husifiwa mno: husimamisha mpira ili ukaswali, hukuhifadhia tamthilia ukiwa shambani. Ni sifa ya haki.

Lakini kilichorekodiwa ni cha nani? Kaseti ya video ilikuwa mali. Ulivunja kijino chake cha plastiki ili asitokee wa kurekodi juu yake. Ukamwazima jirani, naye akampelekea shemejiye wa Saadani. Rekodi ya king'amuzi imefungwa kwa msimbo wa siri. Haichezi katika chombo kingine, na mara nyingi malipo ya mwezi yakikatika, hata chenyewe hukataa kuionyesha.

Wenye filamu wanaogopa wizi, na wana sababu. Hata hivyo, ngoma ya wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ikitangazwa, mjukuu atairithije? Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mpira na tuuachie king'amuzi. Ngoma zetu tuzirekodi wenyewe, kwa idhini ya wachezaji.