Jinsi ya Kuipima Makala ya Theolojia

Msomaji mgeni wa jarida la theolojia hutazama kwanza jina la mwandishi na shahada zake. Mimi nimehariri makala za wachungaji wa Kibaptisti kwa miaka mingi, na siku hizi naanza na aya inayomtaja mpinzani. Hapo ndipo mwandishi hujianika.

Hapa Oyugis hatukosi wa kubishana nao. Wasabato walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Legio Maria, yenye makao matakatifu Got Kwer kule Migori, ilitoka ndani ya Ukatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sasa Mbaptisti aandike kuhusu ubatizo. Makala dhaifu huwatia majirani hawa wote kapu moja na kuwashutumu kwa kubatiza watoto wachanga. Lakini Wasabato nao hubatiza aliyekwisha kuamini, tena kwa maji mengi, sawa na sisi. Tunachopingana nao ni siku ya ibada na hali ya wafu. Mwandishi aliyeteleza hapo hajamuuliza jirani yake hata swali moja, nami huanza kuyatilia shaka hata anayoyasema kuhusu Wakorintho. Kipimo changu ni hiki: Msabato akiisoma aya hiyo, je, atakubali kwamba ndivyo wanavyoamini, kabla hajaanza kukasirikia jibu letu?

Mada inayopima waandishi wetu kuliko zote ni kurithi wajane. Miswada ya aina hii haiishi. Mingi hunukuu Mambo ya Walawi 18:16, inayomkataza mtu mke wa nduguye, kisha hutamka neno upagani na kufunga. Mwandishi makini haifichi Kumbukumbu la Torati 25:5, inayomwagiza ndugu wa marehemu amwoe mjane asiyeachiwa mwana. Huyaweka maandiko yote mawili mezani na kueleza yanavyopatana. Aliye bora zaidi huijua pia desturi anayoipinga. Anajua kwamba kwa Waluo mjane hubaki kuwa chi liel, mke wa kaburi, na kwamba watoto atakaozaa huhesabiwa kuwa wa marehemu, jambo linalokaribia mno lile la Torati la kulihifadhi jina la aliyekufa. Anajua hayo, na bado anatoa sababu za kukataa. Kisha anasema nani atamlimia mjane shamba na nani atamjengea nyumba akikataa kurithiwa. Makala isiyo na aya hiyo ya mwisho nairudisha, hata kama Kigiriki chake ni safi.

Tanbihi nazo zina siri zake. Wingi wake haunitishi. Mtazame John Mbiti, ambaye kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969 hutajwa karibu katika kila mswada. Hoja yake maarufu, kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali, aliijenga kwa kuchunguza vitenzi vya Kikamba na Kikuyu. Hizo ni lugha za Kibantu; Dholuo, lugha ya Waluo, si ya Kibantu hata kidogo. Anayeipachika hoja hiyo kwa Waluo bila kuvikagua vitenzi vya nyumbani kwao ameazima tanbihi ya mtu mwingine, na ni rahisi kumtambua: hatoi namba ya ukurasa.

Lugha ngumu naisamehe kwa shida. Kwetu hakuna askofu wa kuamua. Ushirika wenyewe hukaa kikao na kupiga kura. Makala ambayo shemasi hawezi kuifafanua mbele ya kikao hicho haina kazi kwa Wabaptisti, japo huenda ikampatia mwandishi shahada.

Makosa ya tahajia yasikusumbue unapopima. Hayo ni kazi ya mhariri, na huchukua alasiri moja. Wewe soma aya ya mpinzani kwanza. Ikiwa ya uongo, weka jarida chini.