Dondoo za msimbo nazo zina muktadha

KILA mtahiniwa wa kidato cha nne aliyefanya karatasi ya fasihi analijua swali hili: eleza muktadha wa dondoo. Haitoshi kusema maneno yana maana gani. Sharti utaje msemaji, msemewa, mahali na sababu. Ukiyaacha hayo, alama zimekwenda.

Swali hilo linafaa pia nje ya fasihi. Nimepitia faili la kijana mmoja wa hapa Makupa anayetengeneza programu za tovuti kwa wenye maduka na wapangishaji nyumba. Mna vipande vingi vya msimbo alivyokusanya kwa miaka: cha kukagua nambari ya simu, cha kupanga orodha ya bidhaa, cha kutuma risiti. Vijana wenyewe huviita ‘kodi’, neno ambalo mpangaji wa Makupa hulisikia kila mwisho wa mwezi bila furaha. Napendekeza tuviite dondoo za msimbo. Kudondoa ni kuokota kimoja kimoja, kama mchele uliomwagika, na ndivyo wafanyavyo.

Kukusanya kwenyewe sina ugomvi nako. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna mtengenezaji programu anayeanza kila kazi kutoka sufuri. Kasoro ya faili hili ni kwamba dondoo zake hazina muktadha. Hazisemi zilitoka wapi, lini, zilikusudiwa toleo gani, wala kwa nini ziliandikwa hivyo.

Hebu tutazame mbili. Ya kwanza hukagua nambari ya mteja kabla hajalipa kwa M-Pesa: isipoanza na 07, inakataliwa. Ilipoandikwa, sharti hilo lilikuwa na mantiki. Lakini tangu mwaka 2019 zimekuwapo nambari zinazoanza na 01. Mwenye nambari kama hiyo anaambiwa amekosea ilhali hajakosea chochote, na mwenye duka anapoteza mteja asijue kwa nini.

Ya pili huuliza hifadhidata kwa amri ya mysql_query, tena kwa kuyaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja na swali lenyewe. Amri hiyo iliondolewa katika toleo la 7 la PHP, lililotoka Desemba 2015. Kwenye seva mpya haifanyi kazi. Kwenye seva kuukuu inafanya, na hapo ndipo penye hatari zaidi. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika kipande cha amri penye nafasi ya jina, akasoma taarifa za wapangaji wote.

Mombasa ina mfano bora wa ukusanyaji. Katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alishirikiana na mmishonari W. E. Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji. Hawakuishia kwenye beti. Waliandika pia maelezo ya maneno magumu na ya visa vilivyoyazaa mashairi. Mohamed Abdulaziz alipochapisha kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979, maelezo hayo yalimfaa sana. Bila hayo, beti nyingi zingetufikia kama mafumbo matupu.

Lugha za programu nazo huruhusu mistari ya maelezo ambayo kompyuta huiruka. Mmoja tu ungetosha: “Nambari zote za simu sasa huanza na 07, likibadilika hilo, badilisha hapa.” Wapo watakaosema kuwa Kiingereza ndicho lugha ya programu. Amri, naam, ni za Kiingereza. Lakini sababu ya kuandika amri hizo ni yetu: 07 ni yetu, M-Pesa ni yetu, kodi ya nyumba ni yetu. Tena, ukishindwa kuieleza dondoo kwa lugha unayoizungumza kutwa kucha, basi hujaielewa, na usiibandike kwenye kazi ya mtu.

Walimu wa kompyuta wangefanya vyema kutuazima lile swali la fasihi na kulitilia alama. Na faili la kijana huyu halistahili kufutwa. Lahitaji kuhaririwa, dondoo moja baada ya nyingine. Aanze na hiyo ya 07, maana kuna mteja anayejaribu kulipa sasa hivi.