Kitabu Kinajua Nini? Mwongozo wa Kupima na Kupendekeza Vitabu vya Kiswahili Vilivyosahaulika

Kitabu kutojulikana si sifa. Vingi vimesahauliwa kwa haki, na msomaji anayekipenda kitabu kwa sababu tu wengine hawajakisoma bado anauangalia umati badala ya kurasa. Mpendekezaji wa namna hiyo unamjua: anakutajia jina, anafurahi ukisema hulijui, kisha hana la ziada la kukuambia.

Hata hivyo, kwa Kiswahili ipo sababu nzuri ya kupekua rafu za nyuma. Riwaya zetu zimepata majina kwa mitaala kuliko kwa wasomaji. Kitabu kikiteuliwa kwa mtihani wa sekondari, huchapwa na kuchapwa tena. Kikiondolewa kwenye orodha, huishia kwa wauza mtumba na kwenye maktaba zenye vumbi. Juu ya hayo, baadhi ya wachapishaji wenyewe walitoweka. East African Literature Bureau, iliyotoa Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla na Kurwa na Doto cha Muhammad Saleh Farsy, vyote mwaka 1960, ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Tanzania Publishing House, shirika la umma, nalo lilidhoofika. Hakuna aliyekaa akavisoma upya vitabu vya nyumba hizo na kuviona vibovu. Vingi vilikosa tu wa kuvichapa.

Shule ilituachia pia kipimo ambacho wengi hatujakitupa. Fungua mwongozo wowote wa mtihani: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi. Swali lililo nyuma ya vichwa hivyo vyote ni moja, kitabu kinafundisha nini, na swali hilo hupima mahubiri. Kitabu kibovu kabisa kinaweza kufundisha kwamba rushwa ni mbaya. Mimi huuliza jingine: kitabu hiki kinajua nini? Kinajua kazi gani, mji gani, hofu gani, namna gani ya kuzungumza, ambayo mwandishi asingeweza kuibuni akiwa amekaa mezani?

Njia ya kulijibu ni rahisi. Usianze na jalada wala ukurasa wa kwanza, maana ukurasa wa kwanza kila mwandishi ameupiga msasa. Fungua katikati, utafute mahali mtu anapofanya kazi: anapika, anauza, anavua, anazika. Soma kurasa tatu. Mwandishi anayejua atakutajia chombo, mpangilio wa shughuli na kosa linaloweza kutokea. Asiyejua ataandika kwamba mama alikuwa jikoni akiandaa chakula, kisha ataharakisha kurudi kwenye mazungumzo.

Kwa kipimo hicho sijaona kitabu cha Kiswahili kinachomshinda Aniceti Kitereza. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, jina refu ambalo limewafukuza wasomaji wengi kabla hawajafika ndani, ni hadithi ya mke na mume wa Ukerewe waliokosa mtoto. Kitereza aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akaiweka mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa juzuu mbili. Yeye alifariki mwaka 1981. Miaka 35 muswada ulisubiri.

Kisa chenyewe hakina haraka. Ndugu za mume wanamsimanga Bugonoka kwa utasa, wazazi wake wanamchukua, na Myombekere inampasa aende ukweni kumwomba na kulipa faini ya pombe. Mwandishi mwingine angesema alilipa faini, basi. Kitereza anakupeleka kwenye ndizi, kwenye vyombo, kwa majirani wanaoitwa kusaidia, hadi ukiona pombe inafika ukweni unajua ni jasho la nani na nini kingeharibika njiani. Hapo ndipo upendo wa mtu huyu kwa mkewe unaonekana, wala hakuna sentensi inayotangaza kwamba anampenda. Nakiri wapo watakaochoka: salamu ni ndefu, na kila mgeni anakaribishwa kikamilifu. Lakini tofautisha kitabu kinachokawia kwa kuwa kina cha kukuonyesha na kinachokawia kwa kutafuta idadi ya kurasa. Jaribu kufuta aya moja. Kwa Kitereza, ukifuta, shughuli ya mbele inakosa chombo chake.

Kipimo hiki kina faida nyingine: hukuruhusu kuokoa kitabu ambacho mafundisho yake huyakubali. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, kinawasifu Waingereza na wamisheni kiasi cha kumkera msomaji wa leo. Ukikipima kwa ujumbe, utakitupa. Lakini Mbotela alikuwa mtoto wa watu waliotekwa, wakaokolewa baharini na kuwekwa Frere Town, Mombasa, na yaliyomo kitabuni aliyasikia kwa waliopitia. Mwendo wa kutoka bara, jahazi, maisha ya kijiji kipya kilichochanganya makabila: hayo anayajua. Mimi humpa mtu kitabu hiki pamoja na onyo, asome shukrani zake kama sehemu ya ushahidi, kwamba hivi ndivyo mtu wa mahali pale na wakati ule alivyojifunza kusema.

Kinyume chake ni Makuadi wa Soko Huria cha Chachage Seithy L. Chachage, cha mwaka 2002. Nakubaliana nacho karibu kila mahali, na zipo kurasa nzuri mno. Zipo pia kurasa ambazo mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anampokonya msimulizi kalamu na kuanza mhadhara. Nakipendekeza, ila kwa msomaji mwenye subira na mihadhara.

Kwenye upelelezi, kipimo kinahitaji kugeuzwa kidogo. Chukua kitabu ambacho tayari unamjua muuaji, ukisome tena. Kikibaki na ladha, kina kitu zaidi ya fumbo. Vya Mohamed Said Abdulla hubaki. Wengi wanakijua Mzimu wa Watu wa Kale. Wachache wamefika Siri ya Sifuri (1974) au Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, anajua namna watu wa Unguja wanavyoficha jambo kwa adabu, na nusu ya upelelezi wake ni kusikiliza nani amekuwa mpole kupita kiasi. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mtu wa mbio na bastola. Sina ubaya naye, na Kufa na Kupona hukimalizi bila kukosa usingizi, ila nikikirudia nakuta kimepungua.

Habari za safari na maisha huja na swali la ziada: nani aliagiza? Mwaka 1896 Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, akaandika safari yake kwa Kiswahili. Carl Velten, aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliichapa Göttingen mwaka 1901 ndani ya Safari za Wasuaheli. Miaka miwili baadaye akatoa Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Maandishi haya yaliombwa na Mjerumani wakati nchi iko chini ya Wajerumani, kwa hiyo usitegemee malalamiko makali. Utamu uko kwenye kazi ngumu aliyojipa Selim: kuieleza nchi ambayo msomaji wa pwani hana cha kuilinganisha nayo. Angalia anavyochagua la kueleza na la kuacha. Watalii wengi wa leo wenye simu nzuri hawaoni nusu ya hayo. Anayependa safari na anataka kitu cha karibu zaidi, mpe Mbali na Nyumbani (2013), ambamo Adam Shafi anasimulia alivyoondoka Unguja ujanani akiitafuta Ulaya.

Barua ni aina tunayoidharau bila sababu. Barua za Shaaban Robert 1931–1958, alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, zilichapwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Aliyezoea riwaya yake Kusadikika atashangaa kumkuta mtu yuleyule akihangaika na mambo ya nyumba, kazi na vitabu vyake. Barua njema hupimwa kwa udogo wa mambo yake.

Ushairi unanilazimisha kukaa kidogo, kwa kuwa hapa watu hudanganyika kirahisi. Kuhesabu mizani na kukagua vina ni kazi ya mlinzi wa mlangoni. Shairi likipita hapo bado halijawa zuri. Tafuta maneno yaliyoletwa kujaza mizani, yale ambayo ukiyaondoa maana haitikisiki. Tafuta kina kilichomburura mtunzi mahali asipotaka kwenda. Kisha fanya jaribio kwa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19. Tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na diwani yake ilichapwa Johannesburg mwaka 1940. Lahaja ni Kimvita cha zamani, na anayesoma bila sherehe ya maneno atakwama. Lakini hata ukikwama utasikia mtu anayejibizana na mtu: kuna mpinzani, kuna deni, kuna kejeli inayomlenga jirani fulani. Mashairi mengi ya magazetini hayamwambii mtu yeyote chochote.

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), aliyoitunga gerezani Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, haikosi wa kuisifu, ila wengi wanaisifia kwa kisa cha gereza bila kuifungua. Ifungue. Kwa mashairi huru, kama ya Kezilahabi katika Karibu Ndani (1988), kipimo changu ni mkato wa mstari: unganisha mistari miwili iwe sentensi ya kawaida. Isipopoteza chochote, mshairi alikuwa anabonyeza tu kitufe cha mstari mpya.

Tamthilia zisomwe kwa sauti, watu wawili, bila maandalizi. Penina Muhando anajua mdomo wa Mtanzania. Lina Ubani (1984) hutamkika hata kwa asiyewahi kupanda jukwaani. Ebrahim Hussein tumemfungia ndani ya Kinjeketile, huku Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) vikingoja msomaji mmoja mwenye pumzi ndefu.

Tafsiri nazipima kwa namna wahusika wanavyoitana. Mkubwa akisemeshwa kama rika, au mtumishi akamjibu tajiri kwa sentensi za ofisini, mfasiri alikuwa anatazama kamusi. Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoitoa Ida Hadjivayanis mwaka 2022, ni mahali pazuri pa kuzoeza sikio, kwa kuwa watu wa hadithi ile ni wa pwani na bara yetu. Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Gogol iliyotafsiriwa na Christon Mwakasaka mwaka 1979, ina mtihani mgumu zaidi: lazima uchekeshe.

Kabla ya kulipa pesa, kagua nakala. Vitabu vya zamani vya mtumba hukosa kurasa za katikati, na mwuzaji hana habari. Angalia kama ni toleo kamili au lililofupishwa kwa shule, kama mhariri ametaja alichobadilisha, kama kuna sherehe ya maneno mwishoni. Dibaji ndefu ya mtu mashuhuri iache hadi umalize, maana mara nyingi inakueleza hadithi yote.

Kumpa mtu kitabu ni kazi nyingine kabisa. Swali la kawaida, "unapenda vitabu vya aina gani?", halina msaada; watu hujibu kwa yale waliyofundishwa kupenda. Uliza anajua nini, na anabishana na watu kuhusu nini. Muuguzi wa wodi ya wazazi nitampa Kitereza, kwa sababu ya waganga na dawa za utasa, hata kama amezoea hadithi za mapenzi. Anayelalamikia mashamba na mirathi ya ukoo atapewa Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), ambayo nathari yake imetulia kuliko riwaya nyingi zinazotajwa zaidi yake. Kijana anayetazama filamu za vyombo vya angani mpe Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Mtajie ukurasa mmoja wa kuanzia, usimsimulie. Na usiazime nakala yako ya pekee. Wasomaji wadadisi ndio wagumu kurudisha.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Kezilahabi viache vya mwisho. Ni vyembamba, kwa hiyo watu hudhani ni vyepesi, kisha hukwama mapema na kumchukia mwandishi maisha yote. Mpe kwanza Kichwamaji ya 1974. Akirudi akibishana nawe juu ya uamuzi wa Kazimoto, mhusika wake mkuu, mkabidhi Nagona siku hiyohiyo, na akikuuliza inahusu nini, mwambie asome mara mbili ndipo mzungumze.