Mwanasesere wa Kiatu: Tahakiki ya Makumbusho ya Utoto ya Edinburgh

Mgeni aingiaye Edinburgh, huko Scotland, huelekezwa kwanza kwenye ngome iliyo juu ya jabali, na wengi huishia hapo. Wachache hushuka High Street hadi kwenye Makumbusho ya Utoto, yaliyoanzishwa mwaka 1955 na Patrick Murray, diwani wa jiji hilo. Murray alishikilia kwamba makumbusho yake yahusu watoto, wala hayakuwekwa kwa ajili ya watoto. Kauli hiyo yageuza vitu vya kuchezea kuwa ushahidi. Na ushahidi hauna budi kupimwa.

Watazamaji huvutwa upesi na wanasesere wa kale wenye vichwa vya kauri na vya nta, macho ya kioo, na nguo zisizo na doa. Usafi huo ndio upasao kutiliwa shaka. Mwanasesere aliyedumu miaka 100 bila ufa, aghalabu ni yule aliyefungiwa kabatini akatolewa siku za wageni. Kwa hiyo safu hizo zaeleza mapato ya wazazi na ustadi wa mafundi wa Ulaya kuliko zinavyoeleza mchezo wenyewe.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni duni kwa sura. Edward Lovett, mfanyakazi wa benki wa London aliyekusanya vitu vya mila, alihifadhi wanasesere wa watoto maskini wa mwanzo wa karne ya 20. Mmoja wao, kutoka Bethnal Green, ni kiatu kikuukuu kilichovishwa kitambaa. Kisigino ndicho uso.

Hapa Kiswahili chatoa kipimo kizuri. Neno mwanasesere limebeba ndani yake "mwana". Halitaji kauri wala nta. Kikifanyacho kitu kuwa mwana ni kupakatwa na kubembelezwa. Tena, mwanasesere wa kauri aliweza kutengenezwa na kuuzwa hata kama hapakuwa na mtoto aliyemtamani. Yule wa kiatu asingalikuwapo kabisa bila tamaa hiyo. Kuwapo kwake ndiko ushahidi wake.

Walakini isidhaniwe kwamba umaskini ni sifa. Anayekistaajabia kiatu kwa ubunifu wake tu humsahau mtoto ambaye hakuwa na la kuchagua. Lovett ajulikana kwa jina na kwa kazi. Mtoto yule ajulikana kwa mtaa wake tu. Kitu kiliokolewa, mwenyewe akapotea.

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauri yajiuza kabatini bila msaada wa mtu. Kiatu chahitaji wa kukisemea, na makumbusho yasiyokisemea yatakuwa yamehifadhi utoto wa matajiri peke yao, huku yakiuita utoto wa wote.