Transista Moja na Betri ya Volti 9

Mpiga gitaa anayetaka kujitengenezea pedali yake ya kwanza namshauri aanze na saketi ya transista moja. Najua anachokitamani ni ule mngurumo mzito wa roki, au mwangwi unaoisindikiza solo mpaka inyamaze. Hivyo vitakuja. Transista moja, rezista nne, kapasita mbili na kitufe kimoja cha sauti ndivyo vilivyomo ndani ya LPB-1, kisanduku ambacho Mike Matthews wa Electro-Harmonix alianza kukiuza New York mwishoni mwa miaka ya 1960. Sijaona mwalimu bora kuliko hicho. Vifaa vyake vyote vinaenea kiganjani, na kila kimoja kina kazi ambayo sikio linaweza kuikagua.

Chukua rezista mbili tu kati ya hizo nne. Ya omu 10,000 imekaa upande wa betri, ya omu 390 upande wa ardhi. Gawanya ile kubwa kwa ile ndogo, unapata kama 25, na kwa hesabu ya haraka hicho ndicho kiasi ambacho saketi hii hukuza sauti. Ukigusa uzi polepole, gitaa hutoa sehemu ndogo tu ya volti. Saketi inaikuza, ampli inapaza sauti, tabia ya gitaa inabaki ileile. Sasa piga nyuzi zote kwa nguvu. Gitaa lenye pikapu kali laweza kutoa nusu volti. Zidisha mara 25, umeshapita volti 12, na betri ina 9 tu. Transista haiwezi kutoa isichopewa. Vilele vya mawimbi vinakatwa, na hapo ndipo mkwaruzo unapozaliwa, maana wimbi lililokatwa hubeba ndani yake sauti za juu ambazo uzi wenyewe haukuzitoa. Jambo hili limeandikiwa vitabu vizima, lakini anayelipiga kwa vidole vyake mwenyewe hulielewa siku hiyohiyo.

Ndiyo maana naupenda ufundi huu. Namba iliyoandikwa kwenye kifaa inageuka sauti mbele yako. Ng'oa kapasita ya kuingilia yenye mikrofaradi 0.1, weka ya 0.01. Uzi mnene wa gitaa hutetemeka mara 82 kwa sekunde, na kapasita ndogo huizuia zaidi mitetemo ya polepole kuliko ile ya haraka. Besi inapungua, sauti inakuwa nyembamba na kali, inapenya katikati ya ngoma na tarumbeta. Sifuri moja imeongezeka, na gitaa la ridhimu limegeuka la solo. Mita inasaidia, tena sana, lakini mwenye kauli ya mwisho ni sikio.

Dallas Rangemaster, kisanduku kilichotengenezwa London katika miaka ya 1960, kilitumia njia hiyohiyo: transista moja ya OC44 na kapasita ndogo mlangoni. OC44 haikubuniwa kwa ajili ya gitaa. Ilikuwa transista ya redio, na mafundi waliofungua redio za Ulaya za enzi hizo waliifahamu pamoja na ndugu zake OC45 na OC71. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba sauti iliyosifiwa kwenye majukwaa makubwa ilitoka katika kifaa ambacho fundi redio alikuwa nacho kwenye kopo lake la vipuri. Kwa sisi wa pwani, hata hivyo, jermaniamu, ambayo OC44 imetengenezwa nayo, ina taabu yake. Huvujisha umeme, na uvujaji huo hukaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzijoto 10. Pedali iliyosetiwa vizuri alfajiri inaweza kukohoa mchana wa Februari, Dar es Salaam. Kwa kuanzia, tumia silikoni, BC547 au 2N3904, ambazo utazikuta kwa bei ndogo Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi.

Pedali za mkwaruzo nazo zilianza na hitilafu. Huko Nashville, wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961, transfoma ya mitambo ya studio iliharibika, na gitaa la besi la Grady Martin likatoka linakoroma. Wakauacha mkoromo ule ndani ya wimbo. Fundi mitambo Glenn Snoddy akatengeneza saketi ya transista ya kuuiga, akaipeleka Gibson, na mwaka 1962 ikatoka Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia katika "Satisfaction", na dunia nzima ikaisikia. Kinshasa nako Mingiedi Mawangu na wenzake wa Konono N°1 walizitia umeme likembe zao (marimba za vidole) kwa maikrofoni walizojitengenezea, sumaku zikitoka kwenye vipuri vya magari makuukuu, ili muziki uzishinde kelele za jiji. Mkwaruzo ukaja wenyewe, wakaukaribisha. Ukisikiliza albamu yao Congotronics ya 2004 utajua kwamba hakuna aliyekuwa akiuonea haya.

Kulehemu kunataka utulivu, na hujifunzwa mkononi. Chuma cha moto kiguse kwanza shaba na mguu wa kifaa kwa pamoja. Lehemu ifuate, iguswe pale kwenye kiungo, si kwenye ncha ya chuma. Kiungo kizuri huteremka taratibu kama mteremko wa kichuguu na kuukumbatia mguu. Kibaya hujikunyata kuwa kitufe juu ya shaba, na kesho kitakunyima sauti. Ikifika hapo, chukua waya wa ampli, unganisha kapasita ya 0.1 kwenye ncha yake, halafu gusa saketi hatua kwa hatua: jeki, mguu wa kuingilia wa transista, mguu wa kutokea, kitufe cha sauti. Mahali sauti inapokatika, hapo ndipo penye ubovu. Sijui raha nyingine ya ufundi inayoizidi hiyo.

Ukija kwenye jeki, weka ya stirio upande wa kuingilia, ijapokuwa gitaa ni la mono. Waya hasi wa betri hufungwa kwenye kiungo cha kati, na plagi ya gitaa ikiingia hukiunganisha na ardhi, saketi ikawaka. Ukichomoa, betri inapumzika. Swichi ya bure kabisa, na aliyeifikiria anastahili heshima.

Baada ya LPB-1, nenda Fuzz Face, iliyotoka London mwaka 1966: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu. Utaitambua mara moja, isipokuwa kwamba transista ya pili imefungwa moja kwa moja kwenye ya kwanza, na rezista ya omu 100,000 inarudisha sehemu ya umeme nyuma. Kabla hujaifungia kwenye kisanduku chake cha aluminiamu, washa ampli, piga kwa sauti yote ya gitaa, kisha punguza kitufe cha gitaa kidogo kidogo. Mngurumo utatakata bila pedali kuguswa. Badilisha rezista na kapasita mpaka utakate kiasi unachokitaka wewe, ndipo ufunge skrubu.