"Mla-bakteria": Istilahi Inayopotosha

Mfasiri aliyeko Mbeya au mwalimu aliyeko Iringa huweza kudhani kwamba virusi vya maji machafu ya pwani si habari yake, kwani bahari iko mbali. Lakini bakteria wa kipindupindu, ambao makao yao ya asili ni maji ya chumvi kidogo kwenye midomo ya mito, hawajali masafa. Mlipuko ulioanza mwaka 2015 ulifika hata mikoa hiyo miwili. Kwa hiyo istilahi za jambo hili zinatuhusu sote.

Virusi vinavyoishi kwa kuwategemea bakteria viligunduliwa na Frederick Twort mwaka 1915, na mwaka 1917 Félix d'Hérelle akavipa jina lenye neno la Kiyunani la "kula". Wako wanaopendekeza tulifasiri kuwa "mla-bakteria". Jina linavutia, ila si kweli. Kirusi hakili kitu. Hujigandisha juu ya bakteria, hupenyeza chembe zake za urithi ndani, na humlazimisha atengeneze virusi vingine mpaka apasuke. Tena vipo visivyoua, bali hujificha katika urithi wa mwenyeji wao. Mwaka 1996 Waldor na Mekalanos, huko Marekani, walionyesha kwamba sumu ya kipindupindu hutokana na chembe za urithi zilizoletwa na kirusi cha namna hiyo. Mwanafunzi aliyezoezwa kusema "mla-bakteria" ataelewaje kwamba "mlaji" huyo ndiye aliyempa bakteria silaha yake?

"Virusi vya bakteria" nayo ina kasoro. Tusemapo "virusi vya UKIMWI", kihusishi kinaonyesha kinacholetwa. Msomaji akifuata mfano huo ataelewa kuwa virusi ndivyo viletavyo bakteria. Kubaya zaidi ni kuandika "virusi vinavyoambukiza bakteria". Kitenzi kuambukiza hupokea anayeupata ugonjwa na ugonjwa wenyewe pia. Hivyo sentensi hiyo yaweza kumaanisha kwamba virusi vinasambaza bakteria kwa watu. Mtumishi wa afya akiisoma upesi, maana imekwisha kugeuka.

Maoni yetu ni kwamba litumike neno bakteriofaji, na linapotokea mara ya kwanza lifafanuliwe: kirusi kinachoingia ndani ya bakteria na kuzaliana humo. Watakaolalamika kwamba ni la kigeni wakumbuke kuwa bakteria na virusi vilevile tuliyapokea, na la pili tukalipatia umoja wake wenyewe, kirusi, ingawa Warusi walikwisha kuwa na lugha ya jina hilo.

Katika matangazo kwa wananchi istilahi hii haina kazi. Mkulima wa Kyela, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, anahitaji kuambiwa achemshe maji ya kunywa na atumie choo, kwani kipindupindu huletwa na bakteria. Maneno "virusi vya kipindupindu" yafutwe kila yanapoonekana.