Kuuliza Chuma Kabla ya Kukifungua

Mama aliyetaka kulinunua trekta alikuja na fundi wake, mzee mwenye ovaroli iliyofuliwa hadi ikapauka. Muuzaji alikuwa na haraka. Fundi aliitikia shikamoo za vijana wa pale uani mmoja mmoja, kisha akalizunguka trekta mara mbili bila kuligusa.

Lilikuwa Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa Coventry, Uingereza, katikati ya miaka ya 1960, na ambayo mpaka leo inalima miteremko ya Karatu. Kibati cha namba kilikuwa kimeng'oka. Hata kingekuwepo, mzee asingekitegemea, maana trekta la umri huo huwa limeazima viungo kwa wenzake wengi. Na giaboksi za 135 hazikuwa za aina moja. Ya kawaida ina gia 3 za mbele na rivasi, na mkono wa pili, wa mwendo mzito na mwepesi, huzifanya kuwa 6 mbele na 2 nyuma. Ipo pia ya gia 8. Halafu ipo Multi-Power: kwa swichi ndogo ya deshibodi dereva hubadili mwendo trekta likitembea, bila kukanyaga klachi, na zile 6 zinakuwa 12.

Swichi ilikuwepo. Muuzaji akasema deshibodi ilitolewa kwenye trekta jingine, hiyo ni pambo tu. Fundi hakubishana. Injini ikiwa imezimwa, alitia gia ya mbele, akaachia breki, akawaita vijana wanne.

"Sukumeni mbele, wanangu."

Trekta likaenda kama halina gia.

"Haya, rudisheni nyuma."

Likagoma.

"Multi-Power imo," akasema, akajifuta mikono.

Nilimwomba anieleze, akanionyesha baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Pedali huzungusha gurudumu, lakini gurudumu likiserereka halizungushi pedali. Multi-Power ikiwa upande wa chini hufanya vivyo hivyo: nguvu hutoka injini kwenda magurudumuni, hairudi. Upande wa juu hushikwa na klachi inayobanwa na presha ya oili, na injini ikizimwa presha hakuna. Ndiyo sababu trekta la namna hii betri ikifa huwezi kulivuta likawaka, na ukiliegesha kilimani kwa kutegemea gia, utalikuta bondeni. Mambo haya yamo vitabuni. Lakini kuyageuza kuwa swali ambalo vijana wanne wanaliuliza kwa mabega yao, na chuma kilichofungwa kikajibu, huo ni ufundi ambao ningeweza kuutazama siku nzima.

Aliendelea kuuliza. Trekta lilikuwa limelala usiku kucha, kwa hiyo alilegeza boliti ya kumwagia oili taratibu, kwani maji ni mazito na hutangulia. Yalitoka matone machache tu. Oili aliisugua kati ya vidole, akapitisha sumaku, akatazama vumbi jeusi lililonasa. Vumbi laini ni uzee. Vipande vyenye ncha ni jino la gia lililovunjika. Hakukuwa na ncha. Na kwenye trekta hili oili ya giaboksi ndiyo hiyo hiyo inayoogesha difu na pampu ya kunyanyulia jembe, hivyo kinachooza mbele hula na nyuma.

Akainua gurudumu moja kwa jeki, akachora mstari wa chaki tairini na mwingine kwenye madigadi, akalitikisa huku na huku kupima mchezo katika kila gia. Injini ilipowaka aliweka bisibisi ndefu juu ya giaboksi, mpini sikioni, macho yamefumbwa.

Muuzaji aliguna kwamba fundi angekuwa ameshalifungua akaona kwa macho. Lakini 135 haina chesisi. Injini, giaboksi na difu zimeungwa kwa boliti zikawa uti wa mgongo, na kuifikia giaboksi ni kulipasua trekta vipande viwili. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Subira ya mzee ilikuwa hesabu.

Fimbo ya swichi ilikuwa imechomoka ubavuni. Akaiunga kwa waya. Likiwa baridi, upande wa juu ulishika papo hapo, mlio wa injini ukashuka kama inavyotakiwa. Akaagiza lilime kwanza. Baada ya saa moja, oili ikiwa moto, akajaribu tena: injini ilipaa, ikasita, ndipo ikashika.

"Mama, inateleza," akasema. "Klachi zimeisha au presha inavuja. Litalima, ila bei hii siyo yake."

Walipopatana, alimwita dereva wa mama. Tela lilifungwa, tupu. Akamshusha kijana mteremko wa karibu mara tatu, gia nzito, swichi ikiwa juu tangu kileleni, yeye akitembea kando huku mkono umeshika madigadi.